Kontena likiwahi lawama zangu, likichelewa lawama zangu

USHAURI WA KAZINI

Kwako Mshauri,

Hujambo? Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu, na leo imebidi nami niandike. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa, na ninafanya kazi katika kiwanda cha rangi za nyumba hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Kazi yangu ni kupanga uzalishaji: wiki hii tutengeneze rangi gani, katika pipa lipi, kwa zamu ngapi, na vibarua wangapi waitwe kujaza ndoo na kubandika lebo.

Shida yangu ni tarehe. Unga mweupe wa titani tunauagiza China. Tukiambiwa siku 45, unaweza kufika siku ya 36 au siku ya 70. Gundi inayoishika rangi ukutani nayo hutoka nje. Ndoo za lita 20 zinatengenezwa hapa hapa mjini, mahali ninapoweza kwenda kwa miguu, lakini zikiahidiwa Jumanne huja Alhamisi, au Jumatatu kabla hatujazipangia nafasi. Kwa sababu hiyo nina daftari langu. Oda ikihitaji titani tarehe 20, idara ya ununuzi ninaiandikia tarehe 6. Hizo wiki mbili ni zangu za akiba. Kila malighafi ninaipa wiki mbili hizo hizo.

Mwaka huu daftari limenigeuka. Kaka wa ununuzi aliling'amua, akaanza kunirudishia siku kimyakimya: nikiandika tarehe 6, anaagiza ya 20. Nami nikaanza kuandika mapema zaidi. Mwezi wa pili makontena yakaja kwa mpigo, stoo ikajaa hadi tukapanga magunia kwenye njia ya foklifti. Ushuru na VAT zikalipwa kwa pesa zilizokuwa na kazi nyingine, mishahara ikachelewa. Mkurugenzi akaniambia mbele ya mkutano mzima, "Sisi hatuuzi magunia, tunauza rangi." Mwezi wa nne ikawa kinyume. Gundi ilikwama, mapipa yakakaa matupu, na mteja aliyetaka kupaka madarasa wakati wa likizo akanunua kwingine.

Sasa kampuni imenunua programu ya kupanga kazi. Inataka tarehe moja kwa kila kitu, kisha inatoa ratiba inayopendeza macho, mitambo haina hata saa moja tupu. Nimeagizwa niingize tarehe za wauzaji kama zilivyo, daftari nilitupe, na ratiba niitie sahihi. Ikivunjika kwa kuchelewa, bonasi yangu ya Desemba inakatwa. Mzigo ukiwahi, hilo ni la mtu wa stoo.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni vibarua. Wengi wanatoka Mukuru na kuja kwa miguu. Usiku msimamizi wao hunipigia: "Dada, kesho tuje?" Nikisema njooni na lori lisifike, wanarudishwa langoni mikono mitupu. Nikisema msije na lori liingie alfajiri, mashine inakosa watu. Mume wangu anasema nimeolewa na simu.

Kuna kiwanda kingine, kule Athi River, kimeniita tuzungumze. Je, nitupe daftari nifuate programu? Niendelee nalo kwa siri? Niondoke? Na je, ipo hesabu ya kuipata tarehe iliyo sahihi?

Aliyechoka na Tarehe,
Nairobi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Pole kwa usiku huo wa simu. Nikikuelewa vizuri, umeambiwa uahidi siku moja kwa mzigo ambao hakuna mtu hata mmoja, kuanzia China hadi lango la kiwanda chenu, anayeweza kuiahidi. Na adhabu imewekwa upande mmoja tu. Umejilinda kwa daftari, daftari likajibiwa kwa daftari, na sasa hata ndani ya kiwanda hakuna anayejua mzigo unahitajika lini hasa.

Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokubeba vibaya. Unatafuta tarehe iliyo sahihi. Mimi sidhani ipo. Ile 45 ya muuzaji ni katikati ya kitu kipana. Kontena lako linasubiri nafasi melini, mara nyingine linashushwa Colombo au Singapore lisubiri meli nyingine, linafika bandari ya Kilindini, Mombasa, linapangiwa treni ya SGR hadi bohari ya makontena ya Embakasi, kisha forodha, kisha ukaguzi, kisha lori. Kila kituo kinaweza kukupotezea siku tano. Hakuna hata kimoja kinachoweza kukuokolea siku tano. Tazama tarakimu zako mwenyewe: likiwahi sana liliwahi kwa siku 9, likichelewa sana lilichelewa kwa siku 25. Mpango wowote unaochukulia kuwahi na kuchelewa kama watoto pacha utakosea hapo.

Jambo jingine niliuliza nilipofika kwenye mwezi wa pili na wa nne. Je, umewahi kuyapanga makontena ya China kwa majira, badala ya kuyaweka yote kapu moja? Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari. 2025 ulikuwa tarehe 29 Januari, 2026 tarehe 17 Februari. Kabla ya hapo viwanda vya kule husukuma mizigo itoke haraka, kisha vinafunga kwa wiki kadhaa na wafanyakazi wanarudi makwao. Huku kwetu hilo laweza kuonekana kama makontena yanayobanana mwanzoni mwa mwaka, kisha ukame karibu na likizo ya Aprili. Sisemi ndicho kilichowapata, kwa sababu gundi yenu huenda inatoka kwingine. Kama inatoka Ulaya, ina hadithi yake: tangu mwisho wa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi ziache Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, na safari hiyo inaongeza siku nyingi. Mzigo wa China kuja Mombasa haupiti Suez. Kwa hiyo kuipa kila malighafi wiki mbili zile zile ni kuzifunga kamba moja safari zisizofanana.

(Madini ya titani yalichimbwa Kwale kwa zaidi ya miaka kumi hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Yaliuzwa ng'ambo yakiwa mchanga, na ule unga mweupe viwanda vya hapa vikaendelea kuununua ng'ambo. Hayo tuyaache, nisije nikapandwa na hasira bure.)

Sasa ruhusu niliguse daftari lenyewe, kwa upole. Ndani yake mna imani kwamba mapema ni heri. Mkurugenzi alikuvunjia heshima kusema vile mbele ya watu, na bado alikuwa na hoja. Mzigo ukiwahi, benki haingoji. Tuseme kontena la titani lina thamani ya shilingi milioni 6 na mkopo wenu ni wa asilimia 15 kwa mwaka. Kila siku linapolala stoo bila kazi ni karibu shilingi 2,500 za riba peke yake. Ongeza nafasi, bima, na gharama za bandari na za kampuni ya meli kontena likifika kabla karatasi hazijawa tayari. Ongeza VAT ya asilimia 16 inayodaiwa mapema. Mtairudisha mtakapouza rangi, lakini mishahara ni ya mwisho wa mwezi huu. Gundi nayo ina tarehe ya kuharibika.

Kwa hiyo badala ya kuuliza mzigo utafika lini, ningekuomba ujaribu swali hili kwa kila malighafi: siku moja ya kuwahi inatugharimu nini, na siku moja ya kuchelewa inatugharimu nini?

Hapo ndipo hesabu unayoitaka inapoingia, na si ngumu. Chukua mizigo 20 ya mwisho ya titani. Andika kila mmoja ulichukua siku ngapi tangu oda hadi langoni, kisha uzipange kutoka fupi hadi ndefu. Tuseme mmekubaliana siku ya kuwahi ni shilingi 5,000, na siku ya kuchelewa ni shilingi 45,000. Gawanya 45,000 kwa jumla ya zote mbili, 50,000, upate 0.9. Maana yake upange kwa muda unaotosha mizigo tisa kati ya kumi. Katika orodha yako ni mzigo wa 18. Kama huo ulichukua siku 58, agiza siku 58 kabla. Kwa ndoo, labda siku ya kuwahi ni 3,000 kwa sababu zinakula nafasi, na ya kuchelewa ni 9,000 tu kwa sababu mnaweza kununua kwa jirani kwa bei ya juu kidogo. Hapo unapata 0.75, mzigo wa 15. Tarakimu hizi ni za mfano, zenu mtazipata nyinyi. Lakini waona jinsi wiki mbili za kila kitu zinavyoyeyuka: titani itapata siku nyingi kuliko ndoo.

Kuna mitego, nami singependa uingie chumba cha mkurugenzi bila kuijua. Mizigo 20 ni michache, na ile ya zamani huenda ilisafiri katika dunia nyingine. Ile miwili iliyobaki, wa 19 na wa 20, hairekebishwi kwa kuongeza siku. Kwayo mnahitaji kitu kingine: akiba ndogo ya magunia isiyoguswa, au makubaliano na muuzaji wa hapa mjini hata kama ni ghali.

Mtego mkubwa zaidi ni kwamba rangi yako haihitaji kitu kimoja. Pipa la rangi ni kama matatu kwenye steji: haling'oki mpaka abiria wa mwisho apande, na waliowahi wanakaa ndani wakitokwa jasho. Ukiwa na malighafi tano, kila moja ikifika kwa wakati mara tisa kati ya kumi, na kila moja ikichelewa kwa sababu zake, uwezekano wa zote tano kuwepo siku hiyo ni asilimia 59 tu. Karibu kazi nne kati ya kumi zitakwama ingawa kila muuzaji anajisifu kwa asilimia 90. Ili mfikie mara tisa kati ya kumi kwa pipa zima, kila moja ingehitaji asilimia 98. Hapo ndipo inapofaa kulimbikiza vile vya bei ndogo ambavyo haviozi, kama lebo na vifuniko, ili visiwe kamwe sababu ya kusimama, na pesa za kusubiri mziache kwa titani na gundi. Ahueni ni kwamba vitu vinavyokuja kwa treni moja huchelewa pamoja, na hivyo hali yako halisi huenda si mbaya kama hesabu hiyo.

Nije kwa programu. Umeiandika kama adui. Mimi naiona kama mfanyakazi mwenye bidii aliyedanganywa siku ya kwanza kazini. Ukiiambia mzigo unafika tarehe 20, itajaza kila saa ya tarehe 21, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba tarehe 20 ni matumaini. Unaweza kuiendesha mara tatu kwa wiki hiyo hiyo: mara moja kwa tarehe za mapema, mara moja kwa za kawaida, mara moja kwa zile za mzigo wa 18. Kazi ambazo hazisogei katika ratiba zote tatu, hizo tia sahihi bila hofu. Zinazoruka huku na huku ndizo za kuzungumza. Njia nyingine ni kufunga ratiba ya siku chache tu, zile ambazo kila kitu chake kimeshaingia stoo, na kuiacha ya mbele ibaki wazi kubadilika. Bei ya hilo ni kwamba wakati mwingine mtambo utasimama kwa makusudi, au utatengeneza rangi ya krimu wakati wauzaji wanalilia nyeupe. Mkurugenzi aliyelipia programu isiyo na saa tupu hatafurahia kuona pipa limelala, na itakubidi uwe na maneno ya kumwambia.

Lakini umwambie akiwa anajua una daftari, au hajui? Hili ni lako kuamua, nami nakuwekea tu ninachokiona. Ukiendelea kwa siri unalinda bonasi kwa muda, na vita vyenu na kaka wa ununuzi vinaendelea: wewe unaongeza, yeye anapunguza, muuzaji naye akisikia anaongeza zake. Siku utakapougua au kwenda likizo ya uzazi, aliyekaa kwenye kiti chako atapanga kwa tarehe ambazo maana yake iko kichwani mwako. Ukilifunua, kuna hatari pia. Anaweza kulisoma kama ukaidi. Na hata akikubali, siku za akiba zikishaonekana hadharani, kila bajeti atatokea mtu wa kutaka kuzikata, nawe utazitetea kila mwaka.

Kama ungechagua kulifunua, ningeanza na kaka wa ununuzi kabla ya mkurugenzi. Nyote wawili mna rekodi ambayo mwenzake hana: yeye anajua muuzaji aliahidi nini, wewe unajua kilifika lini. Wekeni safu mbili wazi katika programu, tarehe iliyoahidiwa na tarehe tunayopangia, na tofauti kati yake mtu yeyote aione. Kisha pelekeni juu gharama za pande zote mbili kwa shilingi, bila kujitetea. Mkurugenzi aliyeona mishahara ikichelewa mwezi wa pili na mteja akiondoka mwezi wa nne tayari anaijua bei ya pande zote. Huenda hajawahi kuziona kwenye karatasi moja.

Kuhusu bonasi, sidhani umeonewa wewe kama wewe. Umepewa kipimo ambacho kingemfanya mtu yeyote mwenye akili ajaze stoo. Ukiadhibiwa kwa kuchelewa na mwingine akaadhibiwa kwa kuwahi, wewe na mtu wa stoo mmegeuzwa mahasimu bila kugombana. Hilo laweza kusemwa kwa heshima: "Mzee, ukinipima hivi, nitakulipisha riba." Soma pia mkataba wako uone bonasi imeandikwaje. Mshahara wenyewe una kinga ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, kinachotaja makato yanayoruhusiwa. Bonasi inategemea maneno yaliyoandikwa.

Nimewaacha vibarua hadi hapa, ingawa ndio walionifanya niisome barua yako mara ya pili. Katika hesabu yote niliyokuonyesha, siku ya kuchelewa ina bei kwa kampuni. Yule aliyetembea kutoka Mukuru akarudishwa langoni ameilipa siku hiyo kwa unga wa watoto wake, na programu haimwoni. Una njia kadhaa, kila moja na mwiba wake. Unaweza kuweka kanuni kwamba wito wa kesho unategemea kilichomo stoo leo saa tisa alasiri, na ujumbe utoke saa kumi. Simu za usiku zitapungua, ila lori likiingia usiku mtapoteza nusu siku. Unaweza kuomba kikosi kidogo cha kudumu chenye kazi za akiba, kama kuosha mapipa na kupanga stoo, na wengine waitwe kwa uhakika tu. Hapo wachache watapata utulivu, na wengi watapata siku chache kuliko sasa. Au unaweza kuomba malipo ya nusu siku kwa aliyeitwa akarudishwa, yaingizwe katika gharama ya kuchelewa. Hapo ule mgao wa 0.9 utapanda wenyewe, na kampuni itaona sababu ya kuagiza mapema zaidi, au sababu ya kuita watu wachache. Sijui itachagua lipi. Na wale wanaoitwa karibu kila siku, mwezi baada ya mwezi, kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinasema kuna wakati kibarua hahesabiki tena kuwa kibarua. Idara yenu ya wafanyakazi inapaswa kuwa inalijua hilo. Si kazi yako kulibeba peke yako saa nne usiku.

Na mumeo, mpe saa. Mwambie kuanzia saa fulani simu inalala, kisha ilale kweli. Kanuni ya saa kumi ikishika, hilo litawezekana. Isiposhika, angalau atajua ulijaribu.

Athi River sikuzuii. Mahali papya huponya mengi, hasa pale ulipoaibishwa mbele ya watu. Nao bila shaka wanaagiza mizigo kupitia Kilindini ile ile. Ukienda kuzungumza nao, waombe wakuonyeshe makontena yao kumi ya mwisho: tarehe iliyoahidiwa, tarehe liliyofika, na nani aliulizwa tofauti ilipotokea. Wakiwa nayo karatasi hiyo, isome polepole kabla hujauliza mshahara. Wasipokuwa nayo, uliza mpangaji aliyekutangulia aliondoka kwa nini.